Wimbo Baada ya Ngumi

Siku Binti Karatasi alipowaambia kwamba nyimbo zao za sala ndizo zinazompofusha mtoto, mama Chiriku aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba hadi mwisho na kusimama mbele yake mikono mitupu. Hakuwa na chombo cha kuosha. Alitaka kelele tu, ya kuifunika ile sauti ya upole iliyokuwa ikiendelea sebuleni kuzungumza na mume wake na mama mkwe wake. Upole wenyewe ndio uliomchoma zaidi. Mtu akija kukukata, heri aje amekunja uso ujue umekatwa na nani.

Binti Karatasi halikuwa jina lake, bila shaka. Alikuwa mtaalamu wa uchambuzi wa tabia, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyetumwa na kituo cha watoto wenye usonji baada ya daktari wa macho kuandika barua. Jina alipewa na bibi siku ya kwanza, maana aliingia, akaamkia, akaomba kigoda, akakaa pembeni na ubao wake wa kuandikia, na kwa saa mbili hakufanya lolote ila kutazama na kuandika.

"Huyu ni tabibu au karani wa sensa?" bibi aliuliza, wala hakunong'ona. "Amehesabu hadi nzi."

Chiriku alikuwa na miaka tisa. Jina hilo baba yake alimpa angali mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akibwabwaja kutwa nzima bila kuchoka. Kisha, alipokaribia miaka miwili, maneno machache aliyokuwa ameyapata yakakauka moja moja kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na jina likabaki likiwauma wote, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibadili. Hospitali walisema ni usonji. Mtoto akakua hivyo: akichezesha vidole vyake mbele ya mwanga wa dirisha, akivumisha sauti puani kama nyuki, akipenda pindo la nguo kuliko mdoli, na akipenda kuimbiwa kuliko kitu chochote duniani.

Alipofika miaka sita akaanza kujipiga. Ngumi, pembeni ya jicho, bila kulia, kwa nguvu usiyoitegemea kutoka kwenye mkono mwembamba vile. Walimpima meno, masikio, tumbo, kichwa. Hakuna kilichoonekana. Basi wakafanya lile walilolijua. Ngumi ya kwanza ikisikika, bibi alianzisha wimbo popote alipo, na kila aliyekuwa nyumbani aliacha alichoshika akaja, wakamzunguka mtoto, wakamwekea mikono kichwani, wakaimba na kuomba. Hata jirani wa mlango wa pili, mwenye sauti nzuri ya kuitikia, alikuja mbio na unga mikononi. Na mtoto alitulia! Haikupita siku ambayo hakutulia. Ubeti wa pili haukuwahi kuisha ngumi ikiwa bado imekunjwa. Wangeamini nini kingine? Waliona kwa macho yao: ngumi, wimbo, utulivu. Wakashukuru kila mara.

Mwezi uliopita jicho la kushoto lilizima. Utando wa nyuma ya jicho, daktari alisema, umebanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na wamechelewa. La kulia lilikuwa na mpasuko mdogo ukingoni. "Huu nimeuziba," alisema, "lakini kiraka ni kiraka. Akiendelea kulipiga, nalo litakwenda. Mleteni baada ya wiki kumi."

Wiki kumi. Hizo ndizo zilizokuwa zikihesabiwa ndani ya nyumba ile, na mbili tayari Binti Karatasi alikuwa amezila kwa kutazama.

Mama Chiriku alifunga bomba, akarudi sebuleni. Karatasi ilikuwa mezani, yenye safu tatu: kilichokuwepo kabla, tendo, kilichofuata. Safu ya katikati ilisema ngumi, ngumi, ngumi, hadi chini. Ya tatu ilisema wimbo, wimbo, wimbo.

"Mara mia moja na kumi na mbili," Binti Karatasi alisema. "Kati ya hizo, mia moja na tatu ziliishia kwenye wimbo. Na tazama huku kwanza, mama. Kabla ya ngumi ni nini? Watu wana kazi zao. Bibi anachambua mboga. Wewe unapiga pasi. Akiwa peke yake chumbani na vitambaa vyake, hajipigi. Wala mara moja."

"Kwa hiyo tusimwombe Mungu."

"Sijasema hivyo, mama. Nasema wimbo unakuja baada ya ngumi."

"Tumwombe kwa ratiba yako, basi? Tumpigie simu kwanza, tumuulize kama ana nafasi?"

"Mke wangu," baba Chiriku alisema taratibu. Alikuwa mwashi, mtu wa matofali na timazi, na aliongea kama anayepanga tofali: moja, kisha analitazama.

"Usinimke wangu. Huyu ametuambia tumempofusha mtoto kwa sala, nawe umekaa unamwitikia kwa kichwa." Akamgeukia msichana. "Nawajua ninyi. Ninyi ndio mnaowafunza watoto kama mbwa wa sarakasi. Kaa, pipi. Simama, pipi. Nitazame machoni, pipi."

Binti Karatasi aliweka kalamu chini.

"Wapo waliofanya hivyo," alisema. "Wapo hata leo, sitakudanganya. Lakini wiki mbili nimekaa hapa. Akichezesha vidole, umeniona nikimshika mkono? Akivuma, nimemnyamazisha? Vidole havimdhuru mtu, na ni vyake mwenyewe. Mimi nimefuata ngumi tu, kwa sababu ya jicho. Chiriku hana neno, mama. Ngumi ndiyo neno lake. Na ninyi mnalisikia vizuri sana."

Bibi ndiye aliyejibu.

"Binti, mimi nimezaa saba, nikazika wawili. Leo ndiyo naambiwa sijui kubembeleza?"

"Unajua mno, bibi. Ndiyo shida yenyewe."

"Tufanyeje?" baba Chiriku aliuliza, na mke wake alimchukia kwa swali hilo hadi jioni.

Walilotakiwa kufanya halikuwa gumu kulieleza. Kwanza, nyimbo zisipungue bali ziongezwe: kila robo saa, ngumi isipokuwepo, mtu yeyote amwimbie Chiriku bure, aone kwamba wimbo haufungiwi kabatini. Pili, afundishwe kuuomba kwa njia nyingine. Tatu, akijipiga, mtu aweke mto kati ya ngumi na jicho, uso wake uwe kama ukuta, pasiwe na neno, wala macho, wala wimbo, hadi ngumi itulie.

"Na niwaambie mapema," Binti Karatasi alisema mlangoni, akivaa viatu. "Atazidisha kabla ya kupunguza. Mlango uliozoea kufunguka ukikataa siku moja, wewe huondoki. Unagonga zaidi."

Njia nyingine ya kuuomba wimbo mwanzoni ilikuwa kadi yenye picha ya mdomo. Siku ya pili Chiriku alikuwa amekwisha kuila nusu. Mama Chiriku aliitazama ile nusu iliyobaki, akaitia mfukoni na kwenda nayo kazini. Alikuwa fundi cherehani katika duka la sare za shule, mashine tatu ukutani na mafundi watatu, na siku ile alishona kwa namna iliyowafanya wenzake watazamane. Sindano mbili zilivunjika kabla ya saa nne.

"Mama Chiriku, hiyo mashine imekukosea nini?" fundi wa kola aliuliza.

"Mwache aishone," mwingine akasema, "mpaka iombe msamaha."

Hakucheka. Alichukua kipande cha kitambaa cha buluu cha sketi, akakikunja mara nne, akakipindia kingo zote kwa mshono mnene ambao kidole cha mtoto kingeuhisi gizani, akashona kifungo kikubwa katikati. Mraba wa kutosha kiganja. Aliushona kwa hasira, lakini aliushona vizuri. Hakujua kushona vibaya. Jioni alipompa Binti Karatasi, msichana aliupapasa kingo na kusema, "Huu ni bora kuliko wangu," na mama Chiriku akaudhika kwamba amefurahi kusikia.

Walimfundisha sakafuni. Mama alikaa mbele ya Chiriku, akaimba mstari mmoja, akakata ghafla, akanyoosha kiganja. Baba alikaa nyuma ya mtoto, akauongoza mkono wake mdogo wenye kitambaa hadi kwenye kiganja kile, bila kusema neno. Kitambaa kikigusa tu, wimbo unaendelea. Mara ishirini. Kisha mara ishirini nyingine. Baba alilegeza mkono kidogo kidogo, akamshika kiwiko tu, kisha akamgusa bega, kisha hakugusa. Siku ya tatu Chiriku alinyoosha mkono peke yake. Baba alimtazama mke wake juu ya kichwa cha mtoto, macho yamejaa machozi, naye mke akaendelea kuimba akitazama pembeni, maana hakutaka kumsamehe mtu yeyote mapema.

Bibi alikuwa akitazama yote kutoka mlangoni, amefumbata mikono. Saa ya ukutani ikifika robo, aliimba kama walivyokubaliana, lakini kabla ya kuimba alisema, "Haya, saa imegonga, Mungu ameamka."

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana, mama Chiriku alikuwa akikunja nguo, na kitambaa cha buluu kilikuwa kimeanguka nyuma ya kochi bila mtu kujua. Chiriku alimtazama mama yake. Akajipiga.

Mama alichukua mto, akapiga magoti, akauweka. Uso kama ukuta. Ngumi ya pili iliuangukia mto, ya tatu pia. Mtoto akasita, akamkagua usoni kwa jicho lake moja, kama mtu aliyebonyeza kitufe cha taa na taa haikuwaka. Kisha akaanza upya. Akabadili mkono. Akabadili upande. Mama alihamisha mto huku na huku, jasho likimtiririka kifuani, vifundo vya mtoto vikimpiga mikononi, na ngumi moja ikapenya. Ilitua juu ya mfupa wa shavu, karibu na jicho la kulia, kwa mlio mkavu. Aliuma mdomo wa chini. Hakuimba. Alihesabu. Ishirini na tisa. Arobaini. Dakika zilikuwa zimepita thelathini na tano, na kati ya ngumi na ngumi kulianza kuwa na nafasi. Pumzi mbili. Pumzi nne. Mtoto alikuwa akichoka kugonga.

Hapo ndipo wimbo ulipotoka chumbani.

Sauti ya bibi, ile ile ya miaka yote, ikitetemeka kwa kilio. Chiriku aliteremsha mikono papo hapo. Akageuza uso kwenye mlango wa chumba, na akatabasamu.

"Nyamaza!" mama Chiriku alipaza sauti. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno hilo. Aliinuka na mto mkononi. "Mama, nyamaza!"

Bibi alitokea mlangoni, machozi hadi kidevuni. "Mimi si jiwe!"

"Kuwa jiwe! Jiwe halimpofushi mtu! Dakika thelathini na tano nimekula ngumi kwa mikono hii, alikuwa anaacha, mama, alikuwa anaacha! Sasa amejifunza nini? Kwamba ngumi kumi hazitoshi, apige sitini!"

"Ningemwacha afe, nikimsikia?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nani alinifunza maneno hayo? Si wewe, siku ya kumwachisha ziwa? Ulinifungia nje ya chumba changu mwenyewe, ukaniambia nisiingie hata akilia hadi asubuhi!"

"Mkwe wangu," bibi alisema, na sauti yake ikashuka ikawa baridi, "umevuka mpaka."

"Nimevuka. Na huku huku nitakaa."

Bibi alifunga mlango. Kwa siku nne alikula chumbani. Ilipogonga robo saa hakuimba tena. Nyumba ikabaki na sauti ya mwashi, ambaye aliimba kama toroli lisilotiwa mafuta.

Jumatatu Binti Karatasi aliandika kwenye karatasi yake kila alichoambiwa: sitini na tatu, dakika thelathini na tano, wimbo. Hakulaumu. Mama Chiriku alikuwa amejiandaa kwa lawama, akakosa mahali pa kuitupia hasira yake.

"Kwa hiyo imeharibika," alisema.

"Imerudi nyuma. Haijaharibika." Msichana alifunika kalamu. "Mama, naomba nikuulize, na ukitaka unifukuze. Dakika ya thelathini, wewe mwenyewe ulitaka kufanya nini?"

Mama Chiriku alitamani kumpiga kwa ule mto.

"Kuimba," alisema.

Usiku kabla ya kulala alikuwa na desturi ya kupiga magoti. Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa usiku hakuweza, alijifungia bafuni na kuomba akiwa amesimama, mkono ukutani, kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke ampe maneno yake. Mungu wangu, alisema, miaka mitatu tumekuita kwa kila ngumi. Ulikuwa unatusikia, au na wewe ulikuwa unaandika? Kama ulijua kwamba tunafunga kamba shingoni mwa mtoto huku tukikutaja, mbona ulituachia sauti? Ungenipa donda la koo! Ungempa bibi kwikwi! Nilikupa imani yangu yote, ukaniacha niitumie kama mtu kipofu anayekata nyama. Sijui kama hii ni sala. Sina nyingine. Lile jicho moja, nisikilize vizuri, lile moja lililobaki silikuachii. Nalitaka.

Alinawa uso, akatoka.

Siku ya tano ya kununa kule aligonga mlango wa bibi, na hakungoja aitikiwe.

"Mama, njoo nje."

"Kufanya nini? Kuna jambo jingine nimekosa?"

"Njoo utazame. Ukishatazama, niite jina lolote unalotaka."

Alimshika kiganja, akamtoa kwa mlango wa nyuma, wakazunguka hadi dirisha la sebule, mahali pazia lilipoacha upenyo wa upana wa mkono. Ndani Chiriku alikuwa peke yake sakafuni na mkanda wa vifungo, akivipitisha kidoleni kimoja kimoja, akivuma. Dakika zilipita. Bibi alianza kubadili mguu.

"Mtoto ametulia. Ndiyo umeniletea nione?"

"Subiri."

Baba Chiriku aliingia, kama alivyoagizwa. Alikaa kwenye kochi, akampa mtoto mgongo nusu, akaanza kukwangua saruji iliyoganda kwenye mwiko wake. Mto ulikuwa pajani. Chiriku aliinua kichwa. Aliuacha mkanda. Alizunguka hadi alipouona uso wa baba yake, akauchunguza, akaona haumtazami. Akakunja ngumi. Baba aliudaka ule mkono kwa mto kabla haujafika, bila kuinua macho, na akaendelea kukwangua.

Na Chiriku hakumtazama tena baba. Aligeukia mlango wa chumba cha bibi. Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Akajipiga tena, ndani ya mto. Akasikiliza tena.

Bibi alikuwa ameshika nondo ya dirisha.

"Ananingoja mimi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe muda wote ananichezea! Mtoto huyu, nimemlilia hadi magoti yameota sugu, kumbe ananifanyia ujanja?"

"Si ujanja. Anabisha hodi." Mama Chiriku alisikia hasira yake mwenyewe ikipanda tena, lakini safari hii haikuwa na mtu wa kuangukia. "Anataka bibi yake aje amwimbie. Basi. Ni hilo tu alilokuwa akitaka kwa miaka mitatu, na mlango tuliomwonyesha ni mmoja, nao uko usoni mwake."

Bibi alisimama pale hadi ndani ngumi zilipoisha na baba akatoa kitambaa cha buluu mfukoni na kukiweka sakafuni, karibu na goti la mtoto. Kisha bibi alijifuta pua kwa ncha ya kanga yake na kurudi ndani, akiwa ameongoza njia. Alipofika sebuleni alimwambia mwanawe, "Nipe huo mto. Wewe unaushika kama mfuko wa saruji."

Tangu siku hiyo bibi hakumruhusu mtu mwingine kushika mto akiwepo. Mara nyingine alilia kimya kimya, uso wake mgumu kama kinu, machozi yakishuka juu ya huo ukuta. Lakini hakufungua mdomo. Kitambaa kilipomgusa kiganja, hata kama alikuwa ameshika sufuria ya moto, aliweka chini akaimba. Aliimba kama anayemlipa mtu fidia.

Haikushuka kama ngazi. Kulikuwa na Jumanne moja mbaya ya ngumi arobaini bila sababu iliyoonekana, hadi Binti Karatasi aliposoma safu ya kwanza na kugundua kwamba kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kilikuwa kikikauka kwenye kamba. "Mtoto mmefua ulimi wake," alisema, na mama Chiriku usiku huo huo akashona vingine vitano. Kutoka nane kwa siku wakafika tano. Kutoka tano mbili. Wiki ya tisa kulikuwa na siku mbili nzima ambazo safu ya katikati ilikaa nyeupe. Bibi aliiomba ile karatasi, ingawa hakujua kusoma, akaipapasa mahali palipokuwa patupu.

Wiki ya kumi walikwenda kwa daktari wa macho.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi marefu ya mbao, feni moja, na watu wenye bandeji machoni waliokaa kimya kama wanafunzi waliokosa. Walikaa saa mbili. Chiriku, kitambaa kimefungwa kwa utepe mrefu kwenye kifundo cha mkono, alivuma, akachezesha vidole, akavuma zaidi. Mama Chiriku aliona bega la kulia likipanda. Alikaza mto mapajani. Mkono ulipanda, ukafika usawa wa shavu, ukasita hapo.

Kisha ukashuka, ukaweka mraba wa buluu kwenye kiganja cha bibi.

Bibi aliimba. Hakuimba polepole wala kwa aibu. Alifungua kifua, na mama Chiriku akaitikia. Watu waligeuka, walio na macho ya kugeuza. Mpokezi wa wagonjwa alitokea nyuma ya meza yake, kijana wa tai fupi, kalamu sikioni.

"Mama, samahani. Hapa ni hospitali, si mahali pa ibada."

"Tunajua ni hospitali," mama Chiriku alijibu bila kuacha kupiga makofi ya taratibu. "Tunatibu."

"Kuna wagonjwa."

"Na huyu ni nani? Fundi wa feni?"

"Waache waimbe," mzee mmoja mwenye bandeji alisema. "Tangu asubuhi nasikiliza wewe unavyobofya kalamu."

Watu wakacheka. Mpokezi alirudi mezani amekunja uso. Wimbo ulikwisha kwa wakati wake, na mikono ya Chiriku ilikuwa imelala magotini.

Daktari alimpima muda mrefu, chumba kimetiwa giza, mtoto mapajani kwa baba yake. Alipowasha taa alisema, "Limeshika. Kiraka hakijasogea." Kisha, akimtazama mama, "Na la kushoto ni kama nilivyowaambia. Lile limekwenda."

Baba Chiriku alifunika uso kwa viganja. Mama alishukuru, kwa heshima, akatoka nje ya mlango na kusimama kwenye ukumbi, mto kwapani. Alikuwa ameingoja furaha. Kilichokuja kilikuwa kitu chekundu, cha moto, kilichomfanya aone vigae vya sakafu vikicheza. Wiki kumi! Kipande cha sketi na wiki kumi. Angekuja mtu mwenye karatasi miaka mitatu nyuma, mtoto angekuwa na macho mawili.

Bibi alimfuata, akasimama kando yake.

"La kushoto ni langu," bibi alisema. "Hilo nitalijibia mimi."

"Ni letu. Usijitwalie peke yako, mama, sitakuruhusu." "Bado nina hasira."

"Na mimi."

"Na wewe nakukasirikia."

"Najua. Nami nakukasirikia kwa lile neno la nyamaza. Hata nikifa nitalitaja."

Baba alitoka na Chiriku, wakaanza kuelekea mlango mkuu, wakipita mbele ya meza ya mpokezi. Chiriku alisimama. Mkono wake ulijinasua katika wa baba. Alinyoosha, juu ya daftari la wagonjwa, juu ya mhuri na kalamu, akaweka kitambaa cha buluu kwenye kiganja cha yule kijana wa tai fupi, ambaye hakuwa amemfanyia wema wowote.

Hakuna aliyemfundisha kumpa mgeni. Hata mmoja.

"Hii ni nini?" mpokezi aliuliza.

"Anakuomba umwimbie," mama Chiriku alisema.

"Mimi?" Alitazama foleni, akatazama mlango wa daktari. "Mimi siimbi, mama. Niko kazini."

Chiriku alikuwa akimtazama usoni, kichwa upande mmoja. Alikuwa ameuliza kwa neno zuri, neno lisilomuumiza mtu, na alikuwa akingoja kuona kama duniani linafanya kazi.

Mama Chiriku aliegemea meza kwa mikono miwili. Sauti yake haikuwa ya kusihi.

"Mwanangu, sikiliza. Mtoto huyu ameomba vizuri. Hutaondoka kwenye kiti hicho, wala sisi hatutoki kwenye mlango huu, mpaka ajibiwe. Imba."

Kijana alikiangalia kile kitambaa, mshono wake mnene, kifungo chake. Kisha akasafisha koo, akaanza.